Ureno Si Nje

Albina huanza siku na korosho kabla ya chai. Hutandaza turubai uani, humwaga korosho, kisha huzigeuza kwa mkono ili zikauke vizuri. Zilizooza huzitenga. Kuku wakisogea, huwafukuza kwa kanga.

Mumewe Kipriani hukaa kizingitini akipiga mswaki na kumtania.

"Mama Getruda, hizo korosho unazilea kuliko unavyonilea mimi."

"Wewe hupelekwi mnadani," Albina hujibu.

Hawa ni wakulima wa Nkowe, wilaya ya Ruangwa. Wana mikorosho, wana ufuta kidogo, wana mihogo ya kula. Watoto wao ni wawili, na wote wako mbali. Getruda, wa kwanza, ni muuguzi Ujerumani. Bonifasi, wa mwisho, yuko Ureno, anasoma ufundi wa umeme wa jua. Kireno alikipata kwa mjomba wake Msumbiji, ng'ambo ya Ruvuma, alikokaa utotoni.

Majirani wengine husema Albina ametajirika. "Watoto wawili Ulaya! Ana shida gani yule?" Wanadhani huko pesa huokotwa chini ya mti. Hawamwoni Getruda akitoka kazini asubuhi, miguu imevimba. Akishalipa pango, chakula na nauli, kinachobaki ndicho karo ya mdogo wake.

Na karo hiyo ndiyo iliyoleta ugomvi nyumbani.

Kila mwezi Getruda alitenga yuro mia nne za karo. Juu yake aliongeza yuro ishirini. Hiyo ilikuwa ya kutolea. Nani kwetu asiyeijua ya kutolea? Ukimtumia mtu pesa kwa simu, unaongeza kidogo ili akienda kwa wakala asikatwe katika ile uliyomkusudia. Usipoongeza, watu watakusema. Albina mwenyewe ndiye aliyemfundisha binti yake. "Ukituma, tuma na ya kutolea. Usimpe mtu pesa yenye pengo." Getruda alikwenda na adabu hiyo mpaka Ujerumani.

Ajabu ni kwamba pengo lilikuwapo vilevile. Bonifasi hakupokea mia nne na ishirini. Hata mia nne hazikufika. Mwezi mmoja zilifika mia tatu na sitini. Mwezi uliofuata zilipungua tena. Chuo kikampa onyo, kikampa la pili. Sasa ni Novemba, na chuo kimesema neno la mwisho. Deni la nyuma atalipa polepole. Lakini karo ya mwezi huu ifike yote kabla ya Jumatatu jioni. Ikipungua hata senti moja, Bonifasi hafanyi mtihani, na mwaka wake umepotea.

Jumatano jioni Bonifasi alipiga simu kueleza hayo. Baba yake ndiye aliyepokea.

"Bonifasi, dada yako anatuma mia nne na ishirini. Wewe unasema umepata mia tatu na sitini. Zinazobaki anakula nani?"

"Baba, sijui. Mimi naangalia kwenye akaunti, nakuta hizo hizo."

"Hujui? Pesa ina miguu?"

"Baba, kweli tena. Sijagusa kitu."

"Kikulacho ki nguoni mwako," Kipriani alisema kwa sauti kubwa. "Dada yako anakesha na wagonjwa, wewe unamwibia!"

Bonifasi akasema polepole, "Kama mimi ni mwizi, Baba, basi dada asinitumie tena." Akakata.

Albina alikuwa jikoni. Alisikia yote. Alitoka na mwiko mkononi, na hasira zake zilikuwa wazi.

"Umemwita mwanangu mwizi?"

"Hesabu ndiyo iliyomwita."

"Hesabu gani? Umepiga hesabu au umekisia?"

Albina alimpigia Bonifasi mara nyingi jioni ile. Simu iliita tu. Usingizi haukumpata vizuri, na kulipokucha alikuwa ameshaamua jambo.

"Nimeshampigia Masoudi, anakuja Jumamosi," alimwambia mumewe. "Nitampa korosho zote. Nitapata pesa ya kuziba pengo la mtoto."

Kipriani alishtuka. Masoudi alikuwa mnunuzi wa kangomba. Kangomba ni kuuza korosho kwa siri, kwa kupimiwa bakuli, nje ya mnada wa chama cha ushirika. Bei yake ni ya kutupa. Serikali imeikataza, na kila mtu anajua imekatazwa. Lakini mwenye shida hana masikio.

"Mnada ni wiki ijayo!" Kipriani alisema. "Tumehangaika na dawa, tumepalilia, leo unampa Masoudi?"

"Mnada ni wiki ijayo. Mwisho wa karo ni Jumatatu. Wewe una njia nyingine?"

Kipriani hakuwa nayo. Alikuwa na maneno tu, na maneno alishayatumia vibaya.

Lilibaki swali moja. Pesa ya Masoudi itafikaje Ureno? Benki zipo Ruangwa mjini. Lakini Albina aliona haya kwenda kuuliza mambo ya Ureno mbele ya watu asiowajua. Akamkumbuka Samia, binti wa jirani yao Mzee Saburi. Samia alikuwa afisa wa benki Nachingwea, kwenye dawati la fedha za kigeni. Albina alimbeba mgongoni huyo. Kwake hakuna haya.

Alhamisi ile ile akapanda bodaboda hadi Ruangwa, akaunganisha gari la Nachingwea. Kabla ya saa sita alikuwa ameketi mbele ya Samia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Baba yako mzima, anakusalimu. Nimekuja nataka kutuma pesa Ureno."

"Kwa Bonifasi? Za nini, mama?"

"Za kuziba pengo."

Samia alikuwa ameshika kalamu. Akaiweka chini. "Pengo la nini?"

Albina akamweleza yote, tangu mia nne na ishirini mpaka neno la mwizi. Alipofika kwenye neno hilo aliomba maji. Samia alimwacha anywe kwanza.

"Mama, tukiziba pengo bila kujua limetoka wapi, mwezi ujao utarudi hapa tena," alisema. "Getruda anapatikana sasa?"

"Atakuwa hajalala bado. Ametoka zamu ya usiku."

Samia akampigia Getruda kwa video. Uso ukatokea, umechoka kwa kukesha. Wakasalimiana, wakaulizana habari za Nkowe. Kisha Samia akaingia kwenye jambo lenyewe.

"Dada, ukimtumia Bonifasi pesa, unabonyeza wapi?"

"Kwenye malipo ya nje."

"Kwa nini ya nje?"

"Si Ureno? Ureno ni nje," Getruda alisema. "Ninatuma palepale ninapomtumia Mama. Maelezo ya Mama yalikuwa yamehifadhiwa. Nilibadilisha jina, benki na namba ya akaunti tu."

"Na unatuma fedha gani?"

"Dola. Mama alisema nimtumie mdogo wangu dola."

Samia akamgeukia Albina. "Mama, ulisema dola?"

"Ndiyo, nilisema," Albina alijibu kwa ujasiri. "Kwani pesa ya Ulaya si dola?"

Samia akacheka, lakini si kwa dharau. Kwetu kila noti ngeni ni dola, hata ikiwa na picha ya nani. Msomaji, na wewe usicheke sana. Pengine umeshasema hivyo hivyo.

"Pesa ya Ujerumani ni yuro, mama. Ya Ureno nayo ni yuro, hiyo hiyo moja. Getruda, mshahara wako ni yuro?"

"Yuro."

"Akaunti ya Bonifasi?"

"Yuro pia."

"Na chuo kinadai yuro. Sasa dola imeingiaje hapo katikati?"

Getruda alijishika kichwa.

"Nisikilizeni," Samia alisema. "Benki yako, dada, inachukua yuro zako inazigeuza dola. Hapo inapata chake. Inakutoza na gharama ya malipo ya nje. Dola zinapita kwenye benki ya katikati, nayo inakata. Zikifika Ureno, benki ya Bonifasi inazigeuza tena ziwe yuro, nayo inakata. Mama, ni kama uuze korosho ili ununue ufuta, halafu uuze ufuta ili ununue korosho zile zile."

"Kila mahali watachota bakuli lao!" Albina alisema.

"Umeelewa, mama."

"Na ile ya kutolea ninayoweka?" Getruda aliuliza.

"Inaliwa njiani. Bonifasi haioni hata harufu."

Albina alijifunika uso kwa mtandio. Mwanawe alikuwa amesema kweli. Alijua tangu mwanzo kwamba anasema kweli, lakini kujua kwa moyo ni kitu kimoja, na kuwa na jibu la kumpa Kipriani ni kitu kingine. Alipofunua uso hakuwa analia tena.

"Sasa tufanye nini, mwanangu? Sema."

"Kuna sheria," Samia alisema. "Nchi ishirini na saba za Ulaya zimejiunga pamoja, zinaitwa Umoja wa Ulaya. Ujerumani imo. Ureno imo. Sheria yao inasema hivi. Benki ikituma yuro kutoka nchi moja ya Umoja kwenda nchi nyingine ya Umoja, isimtoze mteja zaidi ya inavyomtoza akituma ndani ya nchi yake."

"Maana yake nini?" Albina aliuliza.

"Maana yake, kwa upande wa gharama, Ureno kwa Getruda si nje. Ni kama wewe wa Nkowe unamtumia mtu wa Likunja hapo jirani. Dada, mwenye nyumba wako unamlipaje?"

"Natuma yuro kutoka kwenye akaunti yangu, kwa malipo ya kawaida."

"Benki inakutoza?"

"Hapana. Silipi kitu."

"Basi na kwa Bonifasi hutalipa kitu. Na benki yake haitamkata zaidi ya inavyomkata akipokea pesa ya mtu wa Ureno. Lakini angalieni, sheria haisemi bure. Inasema sawa. Kuna benki zinatoza hata malipo ya ndani. Mteja wa benki hiyo atatozwa vilevile akituma Ureno. Ila haitazidi."

Getruda akasema kwa uchungu, "Samia, nilichukua zamu za ziada. Nilikuwa nafanya kazi kulipia ujinga wangu."

"Ulikuwa hujui, dada."

"Zile zilizokatwa zitarudi?"

Samia hakutaka kumdanganya. "Sidhani. Uliagiza dola, benki ikatuma dola. Sheria hii inalinda yuro. Unaweza kuwauliza, kuuliza si ujinga. Lakini usizihesabu."

"Basi zimekwenda," Getruda alisema. Akajifuta macho kwa kiganja. "Nionyeshe njia. Mshahara unaingia kesho. Jumamosi asubuhi nikitoka zamu, natuma."

"Achana na ukurasa wa malipo ya nje. Nenda pale pale unapomlipa mwenye nyumba. Utaandika namba ndefu ya akaunti ya Bonifasi, wanaiita IBAN. Ya Ureno huanza na herufi P na T. Iandike yote, usiruke hata tarakimu moja. Jina andika kama lilivyo kwenye akaunti yake, si la nyumbani."

"Nyumbani tunamwita Boni," Albina aliingilia.

"Boni asiandikwe! Benki italinganisha jina na namba kabla ya kutuma. Ikisema havilingani, simama, mpigie Bonifasi kwanza. Fedha iwe yuro. Kisha chagua itumwe papo hapo. Inafika ndani ya sekunde chache, hata Jumamosi, na haiwi ghali kuliko ile ya kawaida."

"Na ya kutolea?"

"Hakuna ya kutolea. Tuma mia nne, zifike mia nne."

Hapo Albina alikataa. "Samia! Atume bila ya kutolea? Watasema sikumlea."

"Mama, ya kutolea ni ya wakala wa huku kwetu. Kule Bonifasi hatolei kwa wakala. Ukiweka ishirini, ni zawadi, siyo gharama."

Albina aliwaza. Ilikuwa vigumu kuliacha jambo alilolifundisha kwa miaka. Mwishowe akakubali kwa kichwa.

"Kuna jambo lingine," Samia alisema. Akapunguza sauti. "Kama mzee ana wasiwasi na Bonifasi, Getruda anaweza kulipa chuo moja kwa moja. Chuo hakiruhusiwi kuikataa akaunti yake eti kwa sababu ni ya Ujerumani. Hiyo nayo iko kwenye sheria."

"Hata mimi nilifikiri hivyo," Getruda alisema. "Baba atatulia."

"Hapana," Albina alisema.

Wote wawili walimtazama.

"Pesa iende kwa Bonifasi. Tukimruka leo, tutakuwa tumekubali kwamba ni mwizi. Mimi sijakubali. Mpelekee mwenyewe, alipe kwa mkono wake."

"Sawa, Mama," Getruda alisema.

Kabla hajaondoka, Albina aliuliza tena. "Na mimi nikituma kutoka hapa?"

"Sheria ile haifiki Nachingwea, mama. Sisi kweli tuko nje. Ukituma kutoka hapa kuna gharama, na Getruda akikutumia wewe kuna gharama. Hata Uingereza na Uswisi hazimo kwenye sheria hiyo. Mwenye ndugu huko aiulize benki kwanza kabla ya kutuma. Na kila mahali, uliza mambo mawili: nitakatwa kiasi gani, na zitafika kiasi gani. Afisa asipokujibu, muulize mwingine."

Jioni Albina alimsimulia mumewe. Kipriani alisikiliza huku akichezea kofia yake. Mambo ya dola aliyaelewa haraka, maana yeye pia husema dola. Lakini aibu ya mtu mkubwa haitoki kwa siku moja.

"Sheria ya Wazungu itamzuia mtoto asile pesa?" alisema.

"Baba Getruda, Jumamosi zitatumwa mia nne. Zikifika mia nne, una neno la kumwambia mwanao. Anza kulitafuta sasa."

Kipriani akaenda kufunga mbuzi.

Jumamosi Masoudi aliwahi. Alikuja na pikipiki, magunia matupu yamefungwa nyuma, bakuli juu yake. Alimkuta Albina kwenye turubai. Simu ya Albina ilikuwa juu ya kinu, kimya. Getruda hajapiga. Bonifasi hajapokea simu tangu Jumatano.

"Mama, biashara asubuhi," Masoudi alisema. Akatoa pesa mfukoni, akazishika ili zionekane. "Hizi hapa. Leo leo zimo mkononi. Huko mnadani mtasubiri mpaka mchoke."

Kipriani alisogea. Macho yake yalikwenda kwenye pesa, yakaenda kwenye simu. Akamvuta mkewe pembeni.

"Mpe hata magunia mawili," alinong'ona. "Getruda akikosea je? Jumatatu si mbali."

"Alhamisi ulisema korosho zisiuzwe."

"Alhamisi sikuwa na hofu. Leo ninayo."

Albina naye alikuwa na hofu. Kama Getruda atakosea namba, kama mshahara haukuingia, basi mtoto atakosa mtihani, na yeye ndiye atakayekuwa amemfukuza mnunuzi. Alitazama simu. Haikuita. Lakini alimkumbuka Samia, na maneno aliyoyasikia yalikuwa na mantiki tangu mwanzo hadi mwisho. Si uganga. Ni yuro kwa yuro.

Akarudi kwa Masoudi.

"Masoudi, rudisha pesa mfukoni. Siuzi."

"Mama, tulikubaliana!"

"Tulikubaliana nikiwa sijui. Sasa najua. Korosho zangu zinakwenda ghalani, zingoje mnada."

"Nikiondoka sirudi. Ukija kunitafuta Jumatatu, bei itakuwa nusu ya hii."

"Nenda salama, mwanangu," Albina alisema. Akachuchumaa, akaendelea kugeuza korosho.

Masoudi aliondoka akivumisha pikipiki kwa hasira. Vumbi likatua kwenye turubai. Kipriani alisimama katikati ya uwanja kama mtu aliyesahau alikokuwa anakwenda.

Jua lilikuwa limepanda kidogo simu ilipoita. Alikuwa Getruda. Alikuwa bado kwenye sare ya kazi.

"Mama, nimetuma. Nimeandika jina lake lote, benki ikasema linalingana. Nimeangalia makato. Hakuna."

"Hakuna kabisa?"

"Sifuri, Mama."

Albina hakushangilia. Zimetumwa, sawa. Zilikuwa zinatumwa kila mwezi. Alitaka kujua zilizofika. Alishika simu kwa mikono miwili, akasubiri.

Ikaita tena. Safari hii alikuwa Bonifasi.

"Mama." Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyekosa usingizi. "Dada kanitumia."

"Ngapi? Sema zilizofika."

"Mia nne. Zote, Mama! Hazijakatwa hata senti. Nimeshalipa chuo, na mtandao wao umethibitisha. Nafanya mtihani."

Albina alipiga kigelegele mpaka mke wa Mzee Saburi akauliza ng'ambo ya uzio kuna harusi gani. Machozi yalimtoka, naye hakuyaficha. Kisha akamnyooshea mumewe simu. Kipriani alivua kofia kabla ya kuipokea.

"Bonifasi."

"Naam, Baba."

"Nilikuita mwizi."

Kipriani aliikunjakunja kofia mkononi.

"Ilikuwa dola," Kipriani alisema. "Dada yako alituma dola, kila benki ikachota. Mama yako alikwenda Nachingwea kuuliza. Mimi sikuuliza. Mimi nilikutukana. Nisamehe, mwanangu."

Kipriani akamwita tena kwa jina.

"Baba, nilikuwa nimeshafunga begi," Bonifasi alisema. "Nilitaka kuacha chuo. Nilisema kama nyumbani wananiona mwizi, nasoma ili nimrudie nani?"

Kipriani alikaa chini, palepale mavumbini. "Fungua begi," alisema. "Fungua sasa hivi, nikisikia."

Kwenye simu wakasikia zipu ikifunguliwa.

Bonifasi alifanya mitihani yake yote. Wiki iliyofuata korosho za Albina zilipelekwa ghala la chama cha msingi, zikauzwa mnadani kwa bei ya haki. Getruda aliendelea kutuma mia nne kila mwezi, na kila mwezi zilifika mia nne. Zile ishirini alizokuwa akiongeza hazikuliwa tena njiani. Zilikwenda kulipa deni la nyuma, nalo likaisha. Zamu za ziada akaziacha. Samia alipokuja Nkowe kumsalimu baba yake, Albina alimpelekea kuku, naye Samia akamwomba awaeleze na wengine wenye watoto Ulaya.

Albina aliwaeleza kanisani na ghalani. Lakini aliyezunguka zaidi alikuwa Kipriani. Alisikia kwamba huko Nanganga kuna mzee mmoja, Jumanne, ana mtoto Ufaransa na mwingine Italia. Pesa za mmoja zilikuwa zikifika pungufu kwa mwenzake, na mzee alikuwa ameapa kumfuta mmoja wao katika familia. Kipriani akachukua baiskeli akamfuata mpaka shambani. Hata maji hakunywa kwanza.

"Mzee mwenzangu," alimwambia, "muulize mwanao anatuma fedha gani, na anatuma kwa njia ipi. Uliza leo, kabla hujasema neno lolote. Mimi nilikaribia kumpoteza mtoto kwa yuro sitini."